Nafasi ya Idris Dakani

Alasiri, baada ya kuanika nguo, Ruwaida aliifunga simu yake kwa mpira wa nywele kwenye mgongo wa kiti, akaielekeza dakani, kwenye baraza la mawe ambapo wageni hungoja kabla ya kukaribishwa ndani, na akapapiga picha ingawa hapakuwa na mtu. Ilikuwa picha ya arubaini na moja wiki hiyo.

Kakake, Idris, alikuwa ameondoka miezi saba nyuma. Kuondoka ni neno la majirani. Ukweli ni kwamba watu wanne walimchukua gatini Manda akitoka kazini, yeye na simu yake, na tangu hapo hakuna aliyekiri kumwona. Ofisi ya waliopotea ikataka picha ya karibuni. Picha! Mwezi wa Shaaban, siku chache kabla hajachukuliwa, mama yao Bi Zamzam alizitoa picha zote nyumbani, za ukutani na za kwenye albamu, akazichoma pamoja na makuti makuukuu, na za simuni akamwambia Ruwaida azifute, ili malaika wasizuiwe kuingia. Ramadhani ikaingia, Idris hakuingia. Ya kitambulisho, ya miaka kumi nyuma na bila ndevu, ofisi iliikataa.

Ruwaida hakuwa mpiga picha. Alijifunza kwa filamu moja ya nchi ya mbali aliyopewa na rafiki yake Afra wa Wiyoni. Lugha yake hakuielewa hata neno, basi akabaki kutazama tu. Ilikuwa nzuri mpaka inauma. Aliyeipiga hakuwa na haraka: alingoja jua lifike ukutani, akaacha nusu ya chumba gizani, akaacha upande mmoja wazi kabisa, mpaka ukajiuliza amesahau nini, kisha mtu akaja akaketi papo hapo. Ruwaida aliirudisha nyuma mara nyingi, na kila mara mtu alikuja. Hakuwa na tumaini jingine lolote duniani, basi naye akaanza kuacha giza na nafasi.

Katika picha ya arubaini na moja, Idris alikuwa ameketi. Alivaa shati lake la kazini, na jua lilimpata shavu moja. Ruwaida aliinuka akalipapasa baraza, lilikuwa tupu. Akapiga nyingine. Idris alikuwa amegeuza uso kidogo.

Bi Zamzam aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mekonda mwanangu," akasema.

Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la uji wa mchele, akaliweka barazani upande wa Idris. Katika picha iliyofuata Idris alikuwa ameliinamia bakuli kwa mdomo. Mikono yake ilikuwa mgongoni. Bi Zamzam alilia kidogo, kisha akaenda kutia udhu.

Asubuhi Ruwaida alizipeleka picha ofisini. Afisa Kerubo alimpa kiti na chai, maana hakuwa mtu mbaya, akazitazama moja moja, akalinganisha pua na masikio na ile ya kitambulisho. Hakuuliza zimepatikanaje.

"Ni yeye," akasema. "Ulipiga lini?"

"Jana alasiri."

"Wapi?"

Ruwaida hakulelewa kusema uongo. "Nyumbani," akasema. "Dakani kwetu."

Kerubo akaandika, akapiga muhuri, akalifunga faili. "Basi dada, mtu yuko kwao. Hajapotea."

Ruwaida alikisogeza kiti karibu na meza. Akamwomba atazame tena, atazame mikono. Kerubo alitazama kwa subira, hata akaikuza picha.

"Hapo ni giza, dada. Siwezi kuandika kisichoonekana." Akamrudishia simu. "Lakini umepiga vizuri. Kama filamu."

Njia nzima ya kurudi Ruwaida alijilaumu kwa lile giza, maana ni yeye aliyeliacha, kwa kupenda. Alasiri alikihamisha kiti kulia, akakihamisha kushoto, akafungua na mlango wa ndani ili mwanga uzidi. Kila picha Idris alikuwepo, na kila picha giza lilikuwa limemfuata mgongoni.

Mama aliuliza wamesema watamrudisha lini.

"Wamesema yuko nyumbani."

Bi Zamzam aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa ya swala. Akalisogeza bakuli karibu zaidi na ukingo, mahali mdomo ungefika bila taabu.

"Piga hima," akasema. "Uji unapoa."