Kiganja Mlangoni mwa Nyuki

Nilikuwa nachovya kidole mtoni na kulowesha udongo ulioziba mlango wa mzinga, ndipo nilipouona ufa. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Nikaujaza tope. Hatujamaliza kona, ukafunguka tena.

"Chengo, udongo wako unapasuka."

"Umekuwa wangu sasa?" Shemeji yangu hakuacha kupiga kafi. "Mama alisema tuzibe kwa samadi. Nani aliyesema samadi inanuka?"

Ni mimi niliyesema.

Mavyaa wangu, mamake Chengo, alikuwa na mizinga minne kando ya Sabaki, kule Madunguni. Mashamba ya nyanya yalipoanza kupuliziwa dawa, mitatu ilinyamaza, mmoja baada ya mwingine. Huu wa nne tuliuziba alfajiri, nyuki wote wakiwa ndani, ili tuushushe hadi kwenye mikoko ya mdomo wa mto. Pikipiki ingevunja masega. Mtoni hakuna mashimo, alisema mavyaa. Viboko hakuwataja.

Kufika saa sita tope halikushika tena. Nikaufunika ufa kwa kiganja. Nyuki wa kwanza aliniuma papo hapo, sikuutoa mkono. Mvumo wao ulipanda hadi kwenye kiwiko.

"Wanasemaje?" Chengo akauliza.

"Wanakuulizia wewe."

"Waambie nina mke."

Nilicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Kisha akanong'ona, "Mbele, shemeji."

Masikio, jozi nne, juu ya maji mekundu. Chengo akainua kafi, akauacha mkondo utuchukue kando ya ukingo wa pili. Nilihesabu tena. Jozi tatu. Tukipinduka, mimi ningeogelea. Waliozibiwa humu wasingeweza. Mwishowe wa nne akaibuka nyuma yetu, akapuliza maji.

"Huyo naye ana mke," nikasema.

Baada ya hapo upepo wa bahari ulitufikia. Mabega yaliniuma, kiganja kilivimba kama andazi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuitarajia. Kisha, tulipopita chini ya daraja, mvumo ukafifia.

Nikaegemeza sikio. Joto. Nikavua leso ya kichwani, nikailowesha, nikaufunika mzinga. Chengo hakutania tena; alivuta kafi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Tulipofika, maji yalikuwa yamejaa chini ya mkoko tuliouchagua. Kutundika kungengoja maji yapwe asubuhi. Tukauvuta mtumbwi mchangani, mzinga ukiwa ndani pamoja na waya wake wa kutundikia, nikatoa mkono na kuubandua udongo wote.

Hakuna aliyetoka. Tulichuchumaa tukitazama tundu.

Akatoka mmoja, akajipangusa uso, akarudi ndani. Baadaye wakatoka watatu.

Nilimpigia mavyaa, nikaisogeza simu mlangoni. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Wamechoka," akasema. "Waache wapumue. Alfajiri mtaziba tena kabla ya kuupandisha. Na safari hii, mwanangu, tafuta ng'ombe."