Baba Mkwe Nyuma ya Goli

Jumamosi, tarehe 14 Julai 2007. Asubuhi ukungu uliyafunika malori yaliyopanga foleni mpakani Tunduma, na baridi ilikuwa ya kukunja vidole. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwomba Mungu mambo mawili: tusiumie, na nisiogope.

Mimi ni Aida, golikipa. Siku hiyo timu yetu ya wanawake ilikuwa icheze nusu fainali ya mtoano na wanawake wa Nakonde, ng'ambo ya Zambia. Anayefungwa anarudi nyumbani.

Kwangu kulikuwa na jambo zaidi. Baba mkwe wangu, Mzee Fanueli, alikuwa amefika kutoka kwetu Isongole, wilayani Ileje. Nikiwa jikoni, nilimsikia akimwambia mume wangu, Osward: "Jioni yuko darasani na watu wazima wenzake, mchana yuko uwanjani. Anapika saa ngapi? Mpira huu ukome leo."

Nilibaki jikoni. Kwetu Ileje mke haonani uso kwa uso na baba mkwe, wala hawasemezani. Akimwona njiani, anapinda na kuingia majanini. Akiingia nyumbani, mke anatoka kwa mlango wa nyuma. Tangu niolewe, nilikuwa namjua kwa sauti na viatu vyake tu.

Nilikwenda uwanjani.

Mechi iliisha bao moja kwa moja, tukaenda penalti. Wenzangu walifunga zote. Nakonde nao walikuwa wamefunga zote, wakabakiza moja ya mwisho, na mpigaji alikuwa Loisi, mwanamke mrefu aliyekuwa akinitania tangu mwanzo. Watu wa Nakonde hutuita mulamu, yaani shemeji, kwa sababu tumeoana sana. Nikiokoa penalti hiyo, tumeshinda.

Ndipo kelele nyuma yangu zikakatika. Nilitazama chini pembeni, nikaviona vile viatu. Mzee Fanueli alikuwa amesimama nyuma ya wavu.

"Aida, toka," mama mmoja aliniita kwa sauti ndogo. "Mkwe huyo."

Kapteni wetu, Getruda, alikuja mbio. "Hatuna kipa mwingine. Ukitoka, tunaweka nani? Mwamuzi?"

Loisi aliuweka mpira, akashika kiuno. "Mulamu, mkwe wako amekuja kunisaidia. Nipelekee shukrani."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Wala hakusema nami, maana naye mila ilimbana. Alimwambia Getruda: "Mwambie huyo atoke."

"Anasema utoke," Getruda alisema, kana kwamba sikusikia.

Nikasali moyoni: Bwana, nishike hapa hapa. Kisha nikaona kitu ambacho hofu ilikuwa imenificha. Uso wangu ulikuwa kwa Loisi. Mzee nilikuwa nimempa mgongo, kama adabu inavyotaka. Nilikuwa sijakosa lolote.

Nikapiga magoti kwenye mstari bila kugeuka, nikapiga makofi taratibu kama tunavyowasalimu wakwe.

"Getruda, mwambie baba shikamoo. Mwambie adabu hii ni ya watu wawili. Baba mkwe akimkuta mke wa mwanawe kazini, hukohoa akapita njia nyingine. Mimi niko kazini."

"Hapo kasema kweli," bibi mmoja wa Isongole alidakia. "Fanueli, nani kakufundisha kumfuata mkamwana?"

Viatu havikusogea. Nikasimama.

Mwamuzi akapuliza. Loisi alikimbia, akapiga chini kulia kwangu. Nilikuwa nimeshaanguka kushoto, ila mguu ulibaki nyuma, na mpira ukagonga kisigino ukatoka nje. Wenzangu wakanirukia. Loisi alikaa chini palepale, akafunika uso kwa jezi.

Nilipoinuka, sauti ya mzee ilikuwa bado nyuma yangu.

"Osward, mwambie mkeo hiyo ilikuwa ya mwisho."

Osward alikuwa kando ya nguzo ya goli. Alinitazama, akamtazama baba yake. Nikajua nikimsubiri aseme, uamuzi utakuwa umetolewa kwa niaba yangu.

Nikabaki nimetazama uwanja.

"Mwamuzi sikia, Loisi sikia, nanyi nyote wa Tunduma na Nakonde mlio hapa," nilisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Mungu akinipa uzima, fainali nitasimama golini. Na ikiisha, nitasimama tena msimu ujao, na mwingine. Naahidi mbele zake na mbele zenu."