Tuto Kompreso

1.

TANGAZO KWA WAGENI WOTE
Ni marufuku kuanika nguo kwenye roshani. Nguo chafu ziwekwe kwenye mfuko uliomo kabatini. Uongozi unawatakia mapumziko mema.

(Kwenye roshani yangu kuna taulo. Nimelifua kwa mkono, nikalikamua, nikalianika. Kwa hiyo tangazo ni langu. Wengine hapa hawafui.)

2.

Mimi ni Ngumbao, mshona makuti, natoka Ganze. Mke wangu Mbodze alifua na kupiga pasi shuka za hoteli hii ya Wataliano, hapa Watamu, mpaka kifua kikambana. Alipokohoa, Bwana Lewa, mkubwa wa wafanyakazi, alimpa vidonge vya kichwa akamrudisha kwenye pasi.

Tulipokwisha kuzika, wakubwa wakaniita. Njoo ukae siku mbili kama mgeni. Tunafungua bustani kwa jina la marehemu, wewe ndiye utavuta kitambaa.

Nimekuja kwa jambo moja. Nione jina la Mbodze limeandikwa mahali ambapo mvua haifuti. Mjukuu wetu amepewa jina hilo. Siku moja nitamleta, nimwonyeshe kwa kidole: huyu hapa hawe wako, bibi yako. Huyu hapa wewe.

3.

Sehemu hii ya tatu ilikuwa matusi kwa wakubwa. Nimefuta yote, limebaki neno moja.

Kupe.

4.

Mapokezi, msichana mwenye kucha ndefu alinifunga bangili ya plastiki, rangi ya chungwa.

"Karibu mzee. Tuto kompreso."

Akazungusha mkono: bwawa, baa, ukumbi wa chakula, vyumba, kila kitu.

Kompresa naijua. Ni ile ya fundi wa magurudumu kule kwetu. Ikianza kugonga, kuku wanakimbia. Nikaelewa hivi: vitu vyote hapa vinaendeshwa na kompresa, na kompresa ina wenyewe. Ukigusa, bili inakufuata mpaka nyumbani.

Sikugusa.

Usinicheke bado. Mbodze alileta nyumbani neno moja tu la Kitaliano. Mbuzi wakiingia kwenye mahindi alikuwa anawaambia: Basta! Wanasimama. Mbuzi wangu wanajua Kitaliano kunishinda mimi.

5.

Kiyoyozi: sikuwasha.
Friji: sikufungua.
Maji ya chupa: niliyatazama.
Kitanda: nilikigusa kwa kidole kimoja. Shuka imenyooka kama maji kwenye sufuria. Kuna mtu ameipiga pasi hii. Mtu huyo naye ana kifua.

Nikalala sakafuni.

Chakula nilikuja nacho, muhogo wa kuchemsha na papa mkavu kwenye gazeti. Papa ananuka. Nikaona nisiwaaibishe watu. Nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikakaa juu ya kifuniko, nikala.

6.

(Sauti mbili, nje ya mlango.)

— Chumba hiki kina nini? Kinanuka kama soko.
— Ni mume wa Rosa.
— Rosa gani?
— Rosa wa dobi, yule aliyekufa.

Wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi, nyuma ya mlango, kipande cha papa mdomoni, sikuelewa. Beji yake Mbodze alikuwa anaiacha kazini. Nikadhani wanamsema mtu mwingine.

Nikamwonea huruma huyo mume wa Rosa.

7.

Dama aliingia na ndoo. Walifua pamoja na Mbodze, kisha yeye akahamishiwa vyumbani.

"Baba Kahindi! Wewe ni mgeni au umejificha polisi wasikuone?"

"Fanya kazi yako, shemeji."

"Kazi gani? Kitanda hakijalaliwa, taulo umefua mwenyewe. Unataka nifutwe?"

"Nilitaka upumzike."

"Nikipumzika nitakula wapi? Na wewe umekula nini?" Akaliona gazeti. Akautazama mlango wa choo. "Humo?"

Nikalikunja gazeti.

"Hiyo bangili unadhani ni urembo? Tuto kompreso, kila kitu kimo! Wali, soda, mpaka kambakoche! Kambakoche wamekungoja tangu jana, baba, na wewe uko chooni na papa!"

Alicheka, mlango wa nje ukiwa wazi, mpaka akakaa kitandani. Halafu akaruka kama aliyekalia moto, akainyoosha shuka pale alipokaa.

Nami nilicheka. Kidogo. Kisha nikauliza:

"Dama, Rosa ni nani?"

Ndoo ikagonga sakafu.

8.

(Dama, huku akikunja kitambaa cha kufutia ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari.)

"Alipoanza kazi beji ilikuwapo, ya msichana aliyeolewa akaacha. Bwana Lewa akasema, mpya ya nini, vaa hii. Na wazungu jina Mbodze hawaliwezi. Basi akawa Rosa. Tukiwa peke yetu, kule kwenye mvuke, tulimwita jina lake. Hata sisi, mashine zikinguruma, shemeji, wakati mwingine—"

9.

Bustanini hapakuwa na mtu. Nikainua pindo la kitambaa kilichofunika jiwe la jina. Nimesoma mpaka darasa la tatu. Linatosha.

R
O
S
A

Nikatafuta M. Nikachungulia na upande wa pili, labda iko nyuma.

Nyuma ni simenti.

10.

RATIBA YA UFUNGUZI
Wageni kuketi.
Meneja kuhutubia. Bw. Lewa kutafsiri.
Mume wa marehemu kuvuta kitambaa (asihutubie).
Vinywaji.

11.

Meneja, Bwana Fausto, anaongea mkono kifuani. Bwana Lewa anatafsiri.

"Anasema Rosa alikuwa ua la hoteli hii. Anasema mume wake ni mtu mnyenyekevu sana. Kila kitu ni bure, yeye kaleta samaki wake, akala chooni!"

Wageni wanacheka. Kicheko cha upendo, wananipigia makofi. Bibi mmoja wa Kizungu anajifuta machozi.

Na mimi nacheka nao.

Mdomo unacheka wenyewe. Nautafuta niufunge, siupati. Shingo inawaka. Naficha bangili ndani ya mkono wa shati, kama iliyoibwa.

"Vuta, mzee," Lewa ananinong'oneza. "Vuta tumalize."

Kamba iko mkononi. Nyepesi. Mtoto angeivuta.

"Vuta."

 

Basta.

 

Ni nani aliyesema? Miwani yote imegeukia kwangu. Meneja ameelewa, ndiyo mara ya kwanza mimi na yeye kuzungumza. Lewa hana cha kutafsiri.

"Anaitwa," nasema.

Natafuta kwa macho mtu anayelijua jina lake. Kitambaa hakijashuka.

Nyuma kabisa, Dama amesimama na trei ya soda. Haruhusiwi kusema. Anafumba midomo yake, polepole, kama anayemfundisha mtoto:

M