Jivu Chini, Jivu Juu

Karambu alikuwa ameketi juu ya pipa tupu nje ya karakana, na Emil Landsberg alijua kabla hajazima injini kwamba kuna jambo. Mke wa Kinoti hakuwa mtu wa kuketi. Kwa miaka saba ambayo mumewe alifanya kazi hapo, alikuwa akija, anasalimu, anaacha chakula, anakwenda zake shambani.

Emil alikuwa anatoka Manyatta, upande wa Embu, ambako alikaa siku nne akitengeneza mashine ya kumenya kahawa. Ilikuwa Ijumaa ya pili ya mwezi wa saba, mwaka 1954, saa tatu na nusu asubuhi, na manyunyu ya Meru yalikuwa hayajaamua kama ni mvua au ukungu.

"Wamemchukua Kinoti," Karambu alisema. "Jumatano. Wanasema amelisha watu kiapo cha Mau Mau hapa nyuma."

"Hapa nyuma wapi?"

"Kwa migomba. Mbwa alifukua, askari wa homgadi wakaja kuangalia. Wakapata damu imefukiwa, Bwana Fundi. Mashimo mengi, na manyoya ya kuku." Hakulia. "Leo saa nane lori linawapeleka kizuizini Manyani. Yule homgadi anayeitwa Bundi ameniambia nimletee blanketi."

Emil aliitazama migomba. Alijua damu ile ni ya nani. Ilikuwa ya kuku wake mwenyewe, na mchinjaji alikuwa yeye.

Emil alikuwa Myahudi, mzaliwa wa mji mdogo karibu na Breslau, na baba yake alikuwa mchinjaji wa Wayahudi wa mji ule. Kwa sheria yao, damu ya kuku haiachwi wazi. Hutandazwa jivu au udongo laini, kuku huchinjwa, damu ikaanguka juu yake, kisha hufunikwa kwa jivu tena. Jivu chini, jivu juu. Emil alitoka Ujerumani mwaka 1938 na sanduku moja, na ndani ya sanduku hilo kisu cha baba yake. Baba hakutoka.

Kwa miaka saba alichinjia uani kwa Mzee Kasim, mwenye bucha huko Mjini, mtaa wa Waislamu, kila Ijumaa asubuhi, mbele ya yeyote aliyepita. Kasim alimwaga maji juu ya damu yake, Emil alifunika yake kwa jivu, na wawili hao walilinganisha sheria zao kama mafundi wawili wanaolinganisha mashine.

Kisha Hali ya Hatari ikaingia mwaka wa pili, na Wazungu wa klabu wakawa hawana mazungumzo isipokuwa viapo: damu ya mbuzi, nyama mbichi, maneno yasiyojulikana. Siku moja mke wa daktari wa mifugo alimwambia Grete, mke wa Emil, huku akimmiminia chai: "Lakini na ninyi Wayahudi mna mambo yenu ya damu, sivyo?" Akacheka. Juma lililofuata mtu aliandika gazetini, Nairobi, kwamba nyuma ya fujo zote hizi wapo watu wasio na nchi, na kila msomaji alijua ni watu gani. Baada ya Pasaka, Emil alikuta nyota yenye pembe sita, ile ya Wayahudi, imechorwa kwa lami kwenye lango la karakana. Aliifuta kwa mafuta ya taa kabla Kinoti hajafika.

Hakumwambia mtu. Alikuwa na umri wa miaka tisa wakati mtoto mmoja alipopotea katika mji wao na watu wakasema Wayahudi wamemchukua kwa ajili ya damu. Mtoto alipatikana siku ya tatu kwa shangazi yake, akila mkate. Madirisha ya nyumba ya baba yalikuwa yamekwisha kuvunjwa.

Basi akachukua tahadhari. Aliacha kwenda kwa Kasim. Akawa anachinjia nyuma ya karakana, ambapo migomba ilikinga macho ya barabarani, na Kinoti akimshikia kuku miguu.

"Kinoti, jambo hili usimwambie mtu."

"Hata mama watoto?"

"Hata yeye."

"Sawa, Bwana Fundi. Labda kuku mwenyewe aende kushtaki."

Sasa Kinoti alikuwa kituoni tangu Jumatano, na neno moja lingemtoa. Hakulisema.

Grete alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba. Alikuwa amekwisha kusikia.

"Mpigie simu wakili, Nairobi," alisema.

"Lori linaondoka saa nane. Wakili hafiki kabla ya Jumatatu."

"Emil. Ukiwaambia ni damu, na ni wewe, na ni dini, hawatasikia neno la nne. Yule Inspekta Tolliver alikuwa askari Palestina. Mwenzake aliuawa na bomu la watu wetu. Unajua anavyokuangalia."

"Najua."

"Sanduku liko tayari?" Aliuliza kama mtu anayeulizia chumvi. Tangu ile siku ya lami, sanduku lilikuwa chini ya kitanda: hati, makoti mawili ya baridi, picha, viatu.

"Lipo," Emil alisema. Akachukua kisu katika kitambaa chake, akatoka.

Alipitia Mjini kwanza. Mzee Kasim alikuwa anakata mbavu za mbuzi, na hakuinua kichwa.

"Nilidhani umehamia dini ya kula mboga," alisema. "Miezi mitatu sikuoni."

Emil alimweleza kwa sentensi tano. Kasim aliweka shoka chini.

"Yaani ulijificha."

"Niliona ni salama zaidi."

"Bwana Fundi, waliotangulia walisema mficha uchi hazai. Kwangu ulichinja mbele ya soko zima, nani alikuuliza? Umeingia kwenye migomba, sasa mtu anakwenda Manyani." Alivua aproni, akaingia uani, akarudi na jogoo mwekundu ndani ya kikapu. "Twende. Mimi nitakuwa shahidi, na huyu pia."

Inspekta Tolliver wa polisi wa akiba alikuwa na meza chini ya turubai. Nyuma yake, ndani ya seng'enge, wanaume ishirini na kitu walikuwa wamechuchumaa matopeni. Kinoti alikuwa wa tatu kutoka mwisho. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba. Alimwona Emil, kisha akatazama pembeni.

"Bwana Landsberg," Tolliver alisema. "Umekuja kumwombea mtu wako?"

"Nimekuja kuandikisha maelezo. Damu iliyo nyuma ya karakana yangu nimeimwaga mimi."

Tolliver aliiacha kalamu. "Damu ya nani?"

Hakuuliza damu ya nini. Emil alilisikia vizuri.

"Ya kuku," alisema. "Nachinja kila Ijumaa kwa sheria ya Kiyahudi. Sheria inataka damu ifukiwe."

"Na miezi yote hii hukusema, katika wilaya yenye viapo."

"Nilitazamia swali kama lako la kwanza."

Tolliver alikuwa mtu mwekundu, na sasa alizidi. "Wenzako wa aina hiyo nimewaona Haifa. Wengine tuliwaleta Kenya tukawafunga hapa Gilgil. Nao walikuwa na maelezo mazuri. Utanithibitishiaje kwamba hutungi hadithi ili kumwokoa makanika wako?"

"Umehesabu mashimo mangapi?"

"Tisa."

"Ni kumi na moja. Mawili hamjayaona, yako chini ya majani makavu, upande wa tangi la maji. Kila moja lina jivu chini, damu, jivu juu. La kwanza ni la zamani, damu yake nyeusi na kavu. La mwisho ni la Ijumaa iliyopita. Kiapo hakiliwi kila Ijumaa kwa wiki kumi na moja, shimo jipya kila mara. Mkipata kumi, au kumi na mbili, nimesema uongo."

Tolliver alitazama saa yake. Ilikuwa saa tano na robo. "Bundi! Lete ile mtu ya karakana. Na jembe."

Waliondoka kwa magari mawili. Kinoti alikaa nyuma ya Landrova akiwa na pingu, na Bundi mbele yake na mkuki. Emil alifuata na Kasim, na jogoo kati yao, na njiani akaanza kuhesabu. Ijumaa ya kwanza ilikuwa tarehe ishirini na tatu, mwezi wa nne. Mbili mwezi wa nne, nne mwezi wa tano. Mwezi wa sita: tarehe nne, kumi na moja, kumi na nane. Tarehe kumi na nane alikuwa wapi? Alikumbuka kiwanda cha kahawa, mkanda uliokatika, usiku aliolala Embu. Je, ilikuwa Alhamisi au Ijumaa? Kama hakuchinja wiki ile, mashimo yalikuwa kumi, na alikuwa amemfunga Kinoti kwa mdomo wake mwenyewe.

"Umenyamaza," Kasim alisema.

"Nahesabu."

"Hesabu ulipaswa kuifanya kabla ya kusema."

Nyuma ya karakana, Bundi aliondoa majani kwa jembe. Shimo la kumi lilionekana upesi. Jivu lilitoka, kisha tabaka la kahawia, kisha jivu tena, sawasawa na alivyosema. Bundi alichimba hatua moja kulia. Udongo mtupu. Akachimba tena. Udongo. Tolliver alikunja mikono kifuani.

Kinoti alikohoa. "Bundi," alisema kwa Kimeru, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Inspekta asikie. "Si huko. Siku ile bomba lilikuwa linavuja, tukasogea kushoto."

Bundi alisogea kushoto. Jembe lilipiga mara mbili, na jivu likaja juu, jeupe.

Tolliver alichuchumaa, akavunja bonge kwa vidole, akalinusa.

"Hata Mau Mau wanajua kuhesabu," alisema hatimaye. Lakini alilisema taratibu. "Nionyeshe. Hapa, sasa."

Emil alifungua kitambaa. Kisu kilikuwa cha mstatili, hakina ncha. Bundi, aliyekuwa amekwisha kuinua mkuki, alikitazama akashangaa.

"Hii haiwezi kuchoma mtu," alisema.

"Haikutengenezwa kuchoma," Emil alisema. Alipitisha makali juu ya ukucha wa kidole gumba, kwenda na kurudi, mara kumi na mbili. Pengo dogo kama unywele lingemharamisha kuku. Halikuwapo. "Nahitaji mtu wa kushika miguu. Hushika Kinoti. Mfungueni."

Tolliver alisita. Kisha akatikisa kichwa kukubali, na Bundi akafungua pingu.

Hapo ndipo lilipotendeka jambo ambalo maelezo yote ya Emil yasingeweza kulitenda. Kinoti hakungoja kuambiwa. Alikwenda mpaka kwenye tanuri la karakana, akarudi na jivu kwenye koleo, akalitandaza mahali safi, unene wa vidole viwili, akalisawazisha kwa kiganja. Alimtoa jogoo kikapuni, akabana miguu kwa mkono mmoja, akarudisha mabawa nyuma kwa mwingine, akapiga goti upande wa kulia ili damu isimrukie Emil. Mikono yake ilikuwa imevimba kwenye vifundo. Ilifanya kazi ile kama inavyofanya kazi mikono iliyoirudia mara nyingi.

Ilibaki baraka. Kwa miezi mitatu Emil alikuwa akiinong'ona. Sasa mbele yake kulikuwa na homgadi mwenye mkuki na ofisa mwenye bastola, wote wakitafuta mtu anayesema maneno yasiyojulikana juu ya damu. Aliisema kwa sauti, Kiebrania, kila neno.

Bundi aliruka nyuma, mkono kwenye panga la kiunoni.

"Tulia, Bundi," Kasim alisema. "Mimi nasema Bismillahi kila siku na nyama unanunua. Mbona hujawahi kukimbia?"

Kisu kilipita mara moja. Damu iliangukia jivu. Emil alisema baraka ya pili, na kabla hajaimaliza Kinoti alikuwa ameshika koleo, akingoja zamu yake ya kuitika "amina". Akaitika, akampa koleo. Emil akafunika.

Tolliver alisimama muda akitazama rundo dogo la jivu. Alizitazama pingu mkononi mwa Bundi. Hakusema zirudishwe.

"Jina lako kamili," alisema, akitoa daftari. "Herufi kwa herufi. Na la mkeo. Nitapeleka taarifa juu. Kuanzia leo, mambo haya utayafanya mahali pa wazi."

Emil alitaja herufi. Ilikuwa orodha yake ya tatu: mwaka 1938 aliandikwa kwa kuwa Myahudi, mwaka 1939 Waingereza walimwandika hapa hapa Kenya kwa kuwa Mjerumani, na sasa kwa kuwa Myahudi tena. Alitazama kalamu mpaka iliposimama.

Landrova ilipoondoka, Kinoti aliosha uso kwenye tangi. Karambu alikuwa amefika na blanketi. Alimfunika nalo mabegani.

"Walikupiga kwa ajili ya kuku wangu," Emil alisema.

"Uliniambia nisiseme."

"Nilikosea."

"Ulikosea, Bwana Fundi," Kinoti alikubali, bila ukali. "Siku nyingine, ukinipa siri, niulize kwanza kama naitaka."

Emil alimpa Karambu jogoo.

Jioni, kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato, Grete alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akalifungua.

"Nitoe vitu au niongeze?"

Emil alifikiri juu ya daftari la Tolliver, na juu ya mashimo kumi na moja. "Sijui," alisema. Lilikuwa jibu sahihi, na hakupenda kulitoa.

Ijumaa iliyofuata alichinja uani kwa Kasim, saa mbili asubuhi, soko likiwa limejaa. Watu kumi na wanne walisimama kutazama, alihesabu. Bundi alikuwa miongoni mwao, na Wazungu wawili ambao hakuwajua walikuwa ng'ambo ya barabara, ndani ya gari, vioo vikiwa vimepandishwa. Kinoti alitandaza jivu. Emil alisema baraka kwa sauti.

Aliporudi nyumbani, sanduku lilikuwa bado chini ya kitanda, limefungwa. Lakini asubuhi ilikuwa ya baridi, na Grete alikuwa jikoni akichochea moto, amevaa moja ya yale makoti mawili ya sandukuni.