Mwendo wa Mabaka

Zuwena alitoa shikamoo kama mtu anayetema kokwa. Mzee Masanja akaitika marahaba bila kumtazama, akavuta kiti mbele ya kompyuta, akamwangalia ng'ombe wa katuni akivuka kioo mara tatu, kisha akacheka kicheko cha kuudhi.

"Huyu hatembei, binti. Huyu yuko mchakamchaka. Mguu wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kushoto inanyanyuka pamoja, kwani yuko jeshini?"

Ilikuwa mara ya pili kumkatalia Zuwena mchoro wake. Ofisi yao ndogo pale Misugusugu ilipewa kazi ya katuni ya kuwafundisha wafugaji kuogesha mifugo, na wenye kazi waliweka sharti moja tu: mfugaji halisi aseme ng'ombe yule anatembea kama ng'ombe. Eugenia, bosi wa Zuwena, akamtafuta Masanja huko Dutumi. Akikataa mpaka Ijumaa, kazi ingepelekwa Dar, na Zuwena angerudi kwao Kisarawe kuchoma chapati. Eugenia alimwambia hivyo bila kupepesa macho.

Kukataliwa na mtu mwingine angevumilia. Lakini mfugaji! Agosti iliyopita kundi la ng'ombe liliingia shambani kwa mama yake, likala majani ya mihogo na kuvunja mashina ekari nzima. Mama alikaa kwenye tuta akalia. Tangu siku hiyo Zuwena aliwachukia wafugaji wote, wa Dutumi na wa peponi.

"Sikiliza," Masanja alisema. "Anaanza nyuma kushoto, inafuata mbele kushoto. Halafu nyuma kulia, mbele kulia. Ukwato wa nyuma unakanyaga palepale ulipotoka wa mbele. Na kichwa kinaitikia hatua. Wako kichwa kimekufa ganzi. Nyie watu wa Kisarawe ng'ombe mnamjua akiwa kwenye sahani tu."

"Na nyie shamba mnalijua likiwa tumboni mwa ng'ombe."

Eugenia akakohoa. Masanja akageuka, akamkazia Zuwena macho.

"Kiangazi tulilisha huko kwenu. Mtu akanikatia ng'ombe panga. Tulimkuta porini siku ya pili, keshakufa, inzi wamemjaa. Nikimjua aliyefanya vile, sitamwachia Mungu."

Zuwena akageukia kompyuta yake. Alimjua mtu mmoja aliyeshika panga siku ile ya mihogo, naye ni kaka yake, Latifu. Lakini ng'ombe waliokatwa mwaka ule walikuwa wengi, na wenye mifugo wengi. Akajiambia kwamba si huyo.

Alhamisi kutwa aliipanga miguu kama alivyoelekezwa. Ng'ombe akatembea sawasawa, lakini kama meza inayohamishwa. Kwa hasira Zuwena akafumba macho, akamtafuta kichwani ng'ombe aliyewahi kumtazama kwa makini. Alikuwa mmoja tu: yule aliyetoka kwenye mihogo baada ya panga la Latifu, akaenda polepole mpaka msituni akichechemea mguu wa nyuma wa kushoto, naye Zuwena amesimama anamtazama na kufurahi. Akamchora huyo. Mguu wa mbele ukizunguka nje kidogo kabla ya kukanyaga, mabega yakipanda na kushuka, shingo ikining'inia. Mwishoni akakumbuka kwamba ng'ombe wa kuogeshwa hatakiwi kuchechemea, akainyoosha miguu ya nyuma. Kwa mara ya kwanza ng'ombe wake alikuwa na uzito.

Ijumaa Masanja hakucheka. Aliomba arudishiwe picha, tena, na tena.

"Huyu sasa ni ng'ombe," alisema.

"Imepita?" Eugenia akadakia, simu ya kuwapigia wenye kazi iko mkononi.

"Imepita." Hakuondoa macho kwenye kioo. "Mguu wa mbele wa kulia anauzungusha nje. Alizaliwa hivyo. Mabaka wangu. Katika ng'ombe sitini, ni yeye peke yake."

"Ng'ombe wengi wanatembea hivyo," Zuwena alisema.

"Labda. Na kichwa? Kinashuka kila mguu wa nyuma wa kushoto unapogusa chini. Miguu umeinyoosha, kichwa umekisahau. Huyu anaumwa." Akasimama. "Mabaka alitoka zizini mzima, na mimi nilimkuta amelala, amekufa. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona akichechemea. Wewe ulimwonea wapi?"

Eugenia akashusha simu. Zuwena alilijua jibu la kumwokoa kaka yake: mtandaoni. Ni neno moja tu, na lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini alimwona tena mama yake amekaa kwenye tuta, na hasira ikamtangulia.

"Kwenye mihogo ya mama yangu," alisema.

Masanja hakupandisha sauti. Alichukua fimbo yake pembeni ya mlango, akamshukuru Eugenia kwa chai, kisha akamuuliza, kwa adabu kabisa, magari ya Kisarawe yanapandiwa wapi.