Sauti ya Baba Mkwe

Jovin alizikwa Machame mwezi wa pili, kwenye kihamba cha baba yake, lile shamba la migomba la ukoo, na kufika mwezi wa nane alikuwa bado anagombana na wake za wanawe, mchana kweupe, katika Mtaa wa Congo, Kariakoo.

Mektilda, dada yake wa tumbo moja, alimsikia bila kutoka dukani kwake. Yeye anauza vitenge. Jirani yake ukuta kwa ukuta ni Lalita, muuza vitambaa vya pazia, ambaye televisheni yake hainyamazi mpaka umeme ukatike. Mchana hurudiwa tamthilia ya Kihindi iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na humo mna baba mkwe mmoja, Mzee Raghav, mwenye mashamba, masharubu na maneno makali. Aliyemsemea kwa Kiswahili ni Jovin. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alisomea sanaa za maonyesho pale Chuo Kikuu, Mlimani, ukoo ukasubiri atoke mwalimu au ofisa, yeye akaenda kujifungia kwenye chumba kisicho na dirisha awasemee Wahindi. Walimcheka mpaka siku bibi mmoja wa sokoni Kwa Sadala alipoapa kwamba Mzee Raghav ni Mchaga, tena wa Machame, maana hakuna Mhindi anayeweza kusema watu namna ile.

Mwanzoni sauti ile haikumtisha Mektilda. Jovin aliwahi kumweleza kwamba wao hurekodi mapema, sehemu nyingi kabla hazijaonyeshwa. Basi aliichukulia kama mkungu uliokomaa baada ya mwenye mgomba kuondoka: unaliwa, na unashukuru. Mteja akiingia wakati Mzee Raghav anafoka, Mektilda alimpimia kitenge polepole.

Aliyemharibia starehe hiyo ni Lalita, tena bila kukusudia. Siku moja alikuwa amesimama mlangoni akila karanga, akasema kwamba vituko vya leo yeye ameshaviona nyumbani kwa Kihindi, vilitoka kule India mwezi wa tano.

"Mwezi wa tano wa mwaka huu?" Mektilda aliuliza.

"Wa mwaka huu. Nina hakika, dada. Mimi na mama mkwe wangu hatuna kingine cha kuongea."

Mektilda alikunja kitenge alichokuwa amekishika, akakikunjua, akakikunja tena. Mwezi wa tano Jovin alikuwa amekwisha kuota majani. Kitu ambacho kilikuwa hakijaigizwa bado huko India, yeye angekisemea vipi kutoka chini ya migomba?

Tangu siku hiyo hakusikiliza tena kwa kushukuru. Alisikiliza kama mtu anayechungulia noti kwenye mwanga. Sauti ilikuwa ile ile: ule mkwaruzo wa chini, ile namna ya kumeza mate kabla ya kutoa tusi. Fundi simu wa pale barazani, alipoulizwa kwa kuzungushwa, alisema siku hizi si kazi. Unailisha mashine maneno machache ya mtu, halafu inamsemesha chochote utakacho, hata akiwa kaburini, na yeye hadai mshahara. Alicheka. Mektilda hakucheka.

Hapo ndipo mambo ya msibani yalipoanza kumrudia, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na sura mpya. Marafiki wa Jovin wa chuo walikuja mpaka Machame, wamevaa nguo nyeusi za gharama. Wengine sura zao zilijulikana kwenye televisheni, vijana wa kijijini wakataka kupiga nao picha jikoni. Vicky, aliyewahi kutangaza redioni na sasa ana studio ya kuingiza sauti, ndiye aliyekuwa mwajiri wa Jovin. Kabla udongo haujakauka aliomba kompyuta ya marehemu, akisema humo mna kazi za ofisi. Mektilda alimpa mwenyewe kwa mikono yake.

Na Benedict. Huyo alilala chumba kimoja na Jovin miaka yote ya chuo. Kwenye sherehe za watu yeye ndiye aliyekuwa hashikiki kwa maneno. Lakini marafiki walipoombwa mmoja wao aseme neno juu ya kaburi, alitikisa kichwa na kugusa koo, akarudi nyuma ya watu. Tangu hapo Mektilda akimpigia hapokei. Hutuma ujumbe: "Niko studio, dada, niandikie tu." Mtu anayeishi kwa mdomo wake anakuwaje bubu kwa familia ya rafiki yake, kama hana la kuficha?

Kusema kweli Jovin naye alifanya hivyo hivyo mwaka wake wa mwisho. Hapokei, anaandika. Mektilda aliamini ni jina limempanda kichwani. Hata walipomkuta hospitali, ana bomba shingoni, na daktari akasema ugonjwa umekula koo, Jovin aliulizwa umeanza lini na akaandika kwenye simu kwamba ni wiki ile ile. Wakamwamini, maana hakukuwa na muda wa kutomwamini.

Lakini kilichomkosesha usingizi Mektilda hakikuwa Vicky wala Benedict. Kilikuwa mama yao. Alipopanda Machame mwezi wa sita alimkuta na desturi mpya. Jioni ikifika, mama anaacha kazi, ananawa mikono, anawasha televisheni na kukaa wima kama yuko kanisani. Mzee Raghav akimaliza maneno yake ya mwisho kwa siku hiyo, anazima, hangoji wengine wamalize, anaenda kumkatia ng'ombe majani. Halii. Alimwambia Mektilda kwamba angalau huyu mtoto anapita kumsalimia kila siku, kuliko nyie wengine mnaokuja Krismasi.

Kama ile ilikuwa mashine, basi mama alikuwa ananawa mikono kila jioni kwa ajili ya mashine, na kuna watu mjini waliojua na kunyamaza. Na kama Mektilda angeizima, angekuwa yeye ndiye anayemzika Jovin mara ya pili, mbele ya mama yake.

Alivumilia wiki nzima baada ya maneno ya fundi. Ijumaa, Mzee Raghav aliposema neno la kusamehe ambalo Jovin hakuwahi kumwambia mtu, Mektilda alivuta chini mlango wa bati na kutia kufuli.

Lalita alitoa kichwa nje. "Mchaga anafunga duka saa tisa, mwisho wa mwezi? Nani kafa tena?"

"Yule yule," Mektilda alijibu.

Alikwenda kwa miguu, akapita Mnazi Mmoja, akaingia mjini. Studio ya Vicky iko ghorofa ya tatu ya jengo la zamani nyuma ya mtaa wa maduka ya dhahabu, na lifti yake ilishakufa. Alipanda akipanga maneno. Angeuliza kwa upole kwanza, kama anayeulizia bei.

Vicky alimpokea kwa kumkumbatia. Alimpa maji, akamuuliza hali ya mama, akasema pale ofisini Jovin hatajwi bila mtu kutoka nje kufuta macho. Mektilda alimwacha amalize, kisha akamuuliza ni nani siku hizi anayemsemea Mzee Raghav.

Tabasamu la Vicky lilibaki usoni lakini macho yakahama. Alianza kueleza habari za mikataba, kwamba kazi inayofanywa pale ni mali ya studio na mwenye tamthilia kule India, kwamba watazamaji hawataki kubadilishiwa sauti, wakibadilishiwa wanapiga simu na kutukana. Katika fani yao mhusika mmoja ni sauti moja mpaka mwisho, hiyo ni sheria isiyoandikwa. Alieleza vizuri sana, kama mtangazaji. Swali hakulijibu.

"Mnatumia mashine," Mektilda alisema. "Mmechukua kompyuta ya mdogo wangu mkaifanya impumulie."

Kabla Vicky hajasema kitu, sauti ya Jovin ilitokea nyuma ya mlango uliofunikwa sponji la godoro. Ilianza sentensi kuhusu shamba la urithi, ikafika katikati, ikakohoa. Ikasema, "Samahani, narudia." Ikaanza upya.

Mashine haiombi samahani. Mektilda alisimama, maji yakamwagika mezani. Vicky alimwita, "Dada, dada, subiri kwanza," lakini alikuwa ameshafungua mlango.

Ndani alikuwepo mtu mmoja. Amevua viatu, amesimama peku kwenye zulia mbele ya kipaza sauti, mkono mmoja ameushika kooni. Alikuwa Benedict. Alimalizia neno lililokuwa mdomoni, na Mektilda akaona kwa macho yake sauti ya ndugu yake ikitoka kwenye kinywa cha mwingine, ikafungwa pale pale.

"Shikamoo, dada," Benedict alisema. Sauti yake mwenyewe ilikuwa nyembamba, kama ya mwalimu wa watoto wa kanisani.

Mektilda hakuitikia. "Tangu lini?"

Benedict alimtazama Vicky, Vicky akatazama sakafu.

"Tangu harusi ya mtoto mdogo wa Mzee Raghav."

Harusi ile Mektilda aliikumbuka. Ilionyeshwa mwaka uliotangulia, miezi mingi kabla ya hospitali. Mama alituma ujumbe kutoka Machame kumsifu Jovin alivyomliza yule mzee. Na Jovin akajibu kwa ujumbe: "Asante, mama."

Waliketi, na ilimchukua Benedict muda kueleza, maana kila sentensi aliianza akiangalia miguu yake. Sauti ya Jovin ilianza kupotea mwaka ule, kwanza jioni tu, halafu kutwa. Alikwenda hospitali akaambiwa la kuambiwa. Akawaomba watu wawili tu, Vicky na Benedict. Chuoni, wakiandaa mchezo, kila mwanafunzi alijifunza pia nafasi ya mwenzake, ili malaria ikimlaza mmoja, onyesho lisisimame. Kwao lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Kila jioni Jovin alikwenda kwa Benedict, Magomeni, akakaa kitandani akimfundisha Mzee Raghav: mwanzoni kwa kunong'ona, halafu kwa kuandika, mwisho kwa kumgonga goti kila akikosea. Benedict alipoweza, Jovin alicheka bila mlio, machozi yakamtoka.

"Alisema mama akiisikia sauti kila siku hatauliza kitu," Benedict alisema. "Wala wewe. Alitaka mkae kwa amani."

"Mkakubali."

"Tulikubali, dada. Tulijua namna ya kuendeleza onyesho. Hatukukaa tukafikiria kwamba wanaotazama ni nyinyi."

Mektilda aliwatazama, wasomi wawili wenye digrii zao, na hasira aliyopanda nayo ngazi ikakosa mahali pa kukaa. Lakini shaka bado ilikuwepo. Watu hawa kazi yao ni kudanganya vizuri, na mtu aliyeweza kuwa Jovin angeweza kuwa chochote.

"Nasikia sauti ya mdogo wangu miezi yote hii," alisema. "Nataka nijue ilipoishia. Hebu niite. Niite jina langu alivyokuwa akiniita."

Benedict aliweka mkono kooni, akaujaribu mwanzo wa jina, akaacha.

"Siwezi."

"Mbona ya kufoka unaweza?"

"Alinifundisha Mzee Raghav tu, dada. Yeye mwenyewe hakunifundisha." Alifuta uso. "Pale kaburini waliponiita niseme, niliogopa. Niliona nikifungua mdomo atatoka Mzee Raghav, mama akiwa pale mbele. Na simu zako hivyo hivyo."

Chumba kile hakipitishi sauti ya mtaani. Mektilda alijaribu kuliita mwenyewe, kichwani, jina lake kwa sauti ya Jovin. Kilichokuja kwanza kilikuwa ule mkwaruzo, yale mate yanayomezwa. Aliusukuma kando. Akangoja. Polepole ikaja nyingine, nyepesi, ya haraka haraka, ya mtu anayeita huku ameshaanza kuondoka: Meki. Meki, umekula? Haikufanana na Mzee Raghav hata kidogo. Nusu mwaka nzima alikuwa akisikiliza ukutani kwa Lalita, na hii hakuwa ameisikia hata mara moja.

Vicky alisema kwa sauti ndogo kwamba akitaka wataacha, watatafuta mtu mwingine, watazamaji watukane mpaka wachoke.

"Kazi ni yenu," Mektilda alimjibu. "Aliwapa mwenyewe, siwezi kuwanyang'anya. Lakini mama hatanawa mikono tena bila kujua anamsikiliza nani."

Alitoka, akashuka mpaka ghorofa ya pili, pale ngazi zinapokata kona, akapiga simu Machame. Jioni ilikuwa haijafika. Mama alipokea huku kuku wakilia nyuma yake. Mektilda alimwamkia, akamwambia aketi kwanza, mama akasema ameketi, ingawa alisikika anatembea.

Akamwambia yote, bila kupamba. Bomba la shingoni na ule uongo wa wiki moja. Kitanda cha Magomeni. Harusi. Alipofika kwenye harusi, kuku walisikika vizuri zaidi kuliko mama.

"Kwa hiyo aliyelia pale hakuwa Jovin," mama alisema mwishoni.

"Hakuwa yeye, mama."

Mektilda alishikilia ukuta. Alitegemea kilio, au laana, au simu kukatwa.

"Huyo kijana anayenisalimia kila jioni," mama alisema, "ana mama?"

Mektilda hakujua. Alimwambia asikate simu, akageuka, akapanda tena ngazi kwenda kumuuliza.