Hamsini na Nne ya Baba

Asubuhi Katunge alikuwa mwanafunzi wa baba yake, mchana alikuwa wangu. Ndivyo tulivyogawana hesabu za mtoto mmoja katika fleti ya ghorofa ya tisa pale Weston, Ontario, treni ya uwanja wa ndege ikipita chini ya dirisha na kutikisa vikombe kabatini.

Kagendo, mama yake Katunge, ni dada yangu, naye ni nesi. Mumewe Crispus alikuwa mwalimu wa hesabu Machakos kabla ya kuja huku kupanga maboksi ghalani, hadi siku alipoanguka kazini na madaktari wakamkuta na uvimbe kwenye ubongo. Waliutoa. Walisema wameutoa karibu wote, na hilo neno "karibu" likahamia kwetu kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Kazini hawakumrudisha. Akabaki nyumbani na kofia ya sufu iliyoficha kovu, na siku moja akamwambia mkewe, "Mama Katunge, mtoe mtoto shule. Nipe mimi nimfundishe wakati bado naweza."

Nani angemkatalia? Kagendo aliiarifu bodi ya shule kwamba mtoto atasomea nyumbani. Masomo mengine hayakuleta shida. Vita vilikuwa kwenye hesabu.

Crispus alitaka vitabu vya kwao vya darasa la nne, vya mtaala ule wa zamani, alivyovibeba kutoka Machakos badala ya nguo. Mimi nikakataa. Katunge ana miaka tisa, anaishi Ontario, na siku akirudi shule ataulizwa mambo ya Ontario. Sikuwa tayari kuona mtoto wa dada yangu akikaa nyuma ya darasa kama mzigo uliosahaulika stesheni. Nilinunua mtaala wa hapa, wenye picha na vijiti vya plastiki, nikauweka mezani kwa kishindo.

Crispus aliufungua, akasoma kurasa chache, akavua miwani.

"Shem, hebu nieleze. Mtoto anaulizwa kumi na sita mara tatu, anachora mstatili, anaukata vipande, anapima kila kipande. Huyu ni mwanafunzi au mpima ardhi?"

"Angalau anajua anachofanya. Wewe unamwambia aandike nane, moja apeleke juu. Juu wapi? Kwa nani?"

"Juu kwa mwenye kuuliza maswali mengi!"

Katunge alicheka hadi akalala kwenye zulia. Kagendo akasema tufundishe yote mawili, lakini tusije tukamtia mtoto wazimu.

Crispus hakuwa mtu wa kufundisha kwa kubahatisha. Mwalimu wa Kenya haingii darasani bila maazimio ya kazi, ule mpango wa masomo ya kila juma, hata kama darasa ni meza ya kulia chakula. Kila Ijumaa tulikaa pamoja tukavipanga vitabu viwili viende sambamba. Vilikuwa havikubaliani kwa lolote. Chake kilikuwa kimefika kwenye kugawanya kwa njia ndefu wakati changu bado kinahesabu makumi na mamia. Changu kilianza hesabu za sehemu, nusu na robo, mapema, chake kilizingoja. Tukakata yaliyojirudia, tukahamisha yaliyogongana. Mwisho yeye akachukua majedwali, kugawanya na hesabu za kichwa. Mimi nikachukua michoro, vipimo, na kila swali linaloanza na "kwa nini."

Hesabu zake za kichwa zilikuwa kwa Kiswahili, na hilo halikuwa na mjadala. Katunge ni mtoto wa huku: ukimwita kwa Kiswahili anaitika kwa Kiingereza. Lakini asubuhi alisimama wima nyuma ya kiti chake, mikono nyuma, na baba yake akamuuliza, "Mwaitu, sita mara tisa?" Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Katunge amepewa jina la mama yake Crispus, kwa hiyo ndivyo alivyomwita, mama yangu. Akipata, alipigiwa makofi ya kilo, yale ya shule za kwetu: pa-pa-pa, pa-pa-pa, kisha moja zito la mwisho linalorushwa kwa aliyepata, naye analidaka kifuani kwa mikono miwili. Asubuhi ndiyo saa pekee mtoto yule alizungumza lugha yetu bila kusukumwa.

Mimi nami sikukubali kushindwa. Nimejifundisha mwenyewe kupima mizani ya mashairi, hakuna aliyenishika mkono, na majedwali magumu niliyafunga katika beti ili yamkae mtoto kichwani:

*Saba nane hamsini, na sita usisahau.*

"Shem," Crispus alipaza sauti kutoka kwenye kochi, "hiyo ni hesabu au harusi?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi hadi Desemba.

Mimi nilifanya kazi jioni katika kiwanda cha mikate, nikarudi usiku, nikalala asubuhi yote. Kagendo alitoka na treni ya alfajiri. Darasa la Crispus halikuwa na msikilizaji ila mwanafunzi wake.

Jumapili moja kabla ya Krismasi, baada ya ibada, Kinoti anayesimamia watoto kanisani aliwapanga mbele ya ukumbi kwa shindano la hesabu za kichwa. Watu wana chai na mandazi mikononi. Kagendo alikuwa amekwisha kuwaambia akina mama wote kwamba wake anasomea nyumbani kwa mitaala miwili. Katunge akajibu la kwanza, la pili, la tatu. Kisha Kinoti akauliza, "Saba mara nane?"

Mtoto akafungua mdomo, kisha akamtazama baba yake aliyekaa mstari wa mbele na kofia yake ya sufu. Akamtazama kitambo.

"Hamsini na nne," akasema.

Watoto wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Huyu wa nyumbani!" Crispus peke yake ndiye aliyepiga makofi. Pa-pa-pa, pa-pa-pa. Watu wakadhani ni upendo wa mzazi tu.

Nyumbani Kagendo hata koti hakuvua.

"Nimeaibika mbele ya kanisa zima. Nani amemfundisha mtoto hamsini na nne?"

"Si mimi," nikasema. "Muulize ubeti wake. Katunge, saba nane?"

"Hamsini, na sita usisahau," akajibu, macho kwenye zulia.

"Kumbe unajua! Mbona umesema vile mbele za watu?" mama yake akauliza.

Mtoto akaanza kufungua vifungo vya koti lake.

"Mnamchanganya," Kagendo akasema. "Walimu wawili, vitabu viwili, kichwa kimoja. Basi. Kuanzia kesho ni mtaala mmoja. Chagueni."

"Kama ni kuchagua," nikasema, damu imenipanda, "tuchague ule unaompa mtoto jibu sahihi."

Crispus akainuka polepole, ameshika mgongo wa kiti.

"Ngojeni kwanza. Mnabishania nini? Mwaitu amejibu sawa. Kinoti ndiye hajui hesabu. Saba mara nane ni hamsini na nne."

Treni ikapita chini. Vikombe vikatikisika, vikatulia.

Kagendo akamsogelea. Alimtazama kwanza kwa macho ya kazini, yale ya kutafuta kitu usoni mwa mgonjwa, na nikaona mahali hasa macho hayo yalipogeuka yakawa ya mke.

"Baba Katunge, hebu rudia."

"Hamsini na nne." Alisema kwa sauti ya mtu aliyewaambia maelfu ya watoto na hajawahi kubishiwa.

Ndipo Katunge akaja akasimama kati yao, akamgeukia mama yake. Alisema kwa Kiswahili, yeye asiyetujibu kwa Kiswahili.

"Mum, acha. Kwa Baba ni hamsini na nne. Kwa Anko ni hamsini na sita. Mimi najua zote."

Wiki ile ile Crispus alipigwa picha za kichwa. Uvimbe ulikuwa umerudi, tena mahali ambapo kisu hakifiki. Daktari alizungumza kwa upole, nami nilimchukia kwa upole huo.

Tulikaa jikoni, Crispus amelala chumbani kwa dawa. Kagendo alikuwa akikunja taulo za vyombo, anazikunjua, anazikunja tena.

"Asubuhi zisimame," akasema. "Siwezi kumwacha mtoto wangu afundishwe makosa na kuyadaka kifuani."

"Mkisimamisha atajua," Katunge akasema. Hatukuwa tumemwona mlangoni.

"Atajua nini, mama?"

"Kwamba anakosea. Yeye hajui."

Kagendo akaweka taulo chini. "Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya theluji."

"Mbona hukusema?"

Mtoto alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye ningeelewa. "Mngemfuta kazi," akasema. "Ile ya ghala walishamfuta."

Kagendo alimvuta mtoto akamfunika na koti lake la kazi, wakakaa sakafuni pale pale, migongo kwenye mlango wa friji.

Hatimaye nilisema, "Dada, huyu hajachanganyikiwa. Katika nyumba hii ndiye peke yake asiyechanganyikiwa. Mwache mwalimu wake afundishe."

"Na makosa?"

"Mchana nipo."

Asubuhi zikaendelea. Niliacha kulala. Nilikuwa nikikaa jikoni na chai inayopoa, nikisikiliza. Makosa yaliongezeka kama unyevu ukutani: leo sita mara tisa, kesho hata tano mara tano, ambayo mtoto wa chekechea anaijua. Katunge aliyajifunza yote. Alikuwa akisubiri kidogo kabla ya kujibu, anausoma uso wa baba yake, kisha anasema lile baba analolitaka. Mchana alikaa mbele yangu akanipa majibu ya kweli, moja baada ya jingine, bila kuyachanganya hata mara moja. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vizima nikitafuta njia ya kuviunganisha. Yeye aliunganisha kwa kujua nani yuko mbele yake.

Ijumaa bado tulipanga maazimio ya kazi. Crispus aliandika mada ile ile juma baada ya juma. Nilisema, "Sawa, mwalimu." Sikuwa nimewahi kumwita mwalimu.

Asubuhi moja ya Februari nilisikia miguu ikikimbia. Katunge akaingia jikoni, uso unawaka kama aliyeletewa zawadi.

"Anko! Baba amesema nimekosea!"

"Nini?"

"Nimesema hamsini na nne, akasema umekosea, Mwaitu, ni hamsini na sita, rudia! Amenikasirikia kabisa!"

Nilimfuata sebuleni. Crispus alikuwa amekaa wima, macho makali, ndiye yule wa vita vya mstatili.

"Shem," akaniambia, "ule wimbo wako wa harusi haujamsaidia mtoto. Mfundishe vizuri."

"Nitamfundisha, mwalimu."

Siku nzima Katunge aliimba. Kesho yake akasimama nyuma ya kiti, mikono nyuma, akaulizwa saba mara nane, akajibu hamsini na sita kwa sauti kubwa. Crispus akatikisa kichwa kwa huruma.

"Hapana, mama. Hamsini na nne."

"Ndiyo, Baba," akasema. "Hamsini na nne." Akadaka kofi lake.

Crispus alifariki Machi, adhuhuri, Kagendo ameushika mkono wake na vidole vyake viko kwenye mshipa kwa mazoea ya kazi, hata baada ya mshipa kunyamaza. Walimpeleka kumzika Machakos, Kagendo na mtoto. Mimi nilibaki kuilinda fleti isiyohitaji kulindwa, nikisikia vikombe.

Waliporudi, tulikubaliana Katunge atarudi shuleni Septemba. Hadi wakati huo angeendelea nami, mtaala mmoja, saa zile zile za mchana. Nilitayarisha kitabu, nikavipanga vijiti.

Hakungoja mchana. Siku ya kwanza nilitoka chumbani nikamkuta asubuhi sebuleni, amevaa sare yake ya zamani ya shule iliyomfupia mikono, amesimama nyuma ya kiti. Mikono nyuma. Kiti cha baba yake kilikuwa kitupu, na kofia ya sufu iko juu yake.

Sikukaa kwenye kile kiti. Nilisimama kando yake.

"Sita mara tisa?" nikauliza, kwa Kiswahili.

Akanipa jibu, si lile la kitabuni. Nikapiga makofi ya kilo, nikarusha la mwisho, akalidaka. Nikamuuliza nyingine. Akanipa ya baba yake tena. Alikuwa amezihifadhi zote, na mtu wa kuzihifadhi alikuwa yeye tu.

"Saba mara nane?"

Alitazama dirishani, treni inapita.

"Hamsini na nne."

Ubeti wangu ulikuwa ulimini. Ninaujivunia ubeti ule, mizani yake haina kasoro. Niliumeza.

"Sahihi, Mwaitu," nikasema, nikapiga makofi, nikarusha la mwisho. Alilidaka, akaliweka kifuani kwa muda mrefu kuliko mengine.

Kisha akavuta kiti, akaketi, akafungua kitabu changu.

"Sasa uliza za kwako, Anko," akasema.

Nikavuta kiti changu, nikakaa karibu naye. Alinisubiri, penseli mkononi, nikamuuliza ya kwanza.